T.V. Ramos na sikukuu ya Wagarifuna: 1941, 1943 au 1977?

Muulizaji: Naandaa somo la dakika 80 kuhusu Thomas Vincent Ramos, yule mwalimu mhamiaji wa Belize. Miaka ya sikukuu aliyoipigania, ya kukumbuka kutua Belize kwa Wagarifuna (watu wenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi), inagongana kila ninaposoma. Upi sahihi? Na kwa nini 19 Novemba, ilhali walishushwa Roatán, kisiwa cha Honduras, mwezi wa Aprili?

Jibu 1: Yote mitatu ni sahihi. Ramos alizaliwa Puerto Cortés, Honduras, 1887, akahamia Dangriga, mji wa Belize, enzi hizo Stann Creek. Ombi lake na wenzake kwa gavana lilizaa sherehe ya kwanza hapo Dangriga, 19 Novemba 1941. Mwaka 1943 ikawa mapumziko ya wilaya za kusini tu. Taifa zima likaipata 1977, naye alishafariki 1955. Ukipekua magazeti ya zamani usitafute "Garifuna", utatoka kapa. Tafuta "Carib", ndivyo walivyoandikwa.

Jibu 2: Aprili ni ya Honduras. Chifu wao Chatoyer aliuawa St. Vincent, kisiwa chao cha Karibi, Machi 1795, Waingereza wakawafungia watu wake kisiwani Baliceaux, maradhi yakawamaliza wengi, waliosalia wakatupwa Roatán 12 Aprili 1797. Tarehe 19 Novemba ni ya kundi lililotua Belize 1832. Na tafadhali usiwafundishe wanafunzi kwamba lugha yao ni Krioli. Ni ya jamii ya Kiarawak.

Jibu 3: Ramos si mtu wa sherehe tu, mwenzangu. Chama alichoanzisha kilikuwa cha kusaidiana watu wakiugua, na hapo ndipo ningeanzia somo.

Kwa vitendo, waeleze ereba, mkate wa muhogo. Alfajiri ya sikukuu, mitumbwi inayoigiza kule kutua hubeba na muhogo. Muhogo mchungu humenywa, hukunwa kwenye ubao uliopachikwa vijiwe, kisha hushindiliwa ndani ya ruguma: mfano wa kifumbu cha kuchujia tui, ila mrefu na mwembamba kama nyoka. Hutundikwa juu, ncha ya chini ikavutwa kwa uzito wa mti, ukili unabana, maji yenye sumu yanachuruzika. Machicha huchekechwa, yakatandazwa juu ya bamba la moto. Yasipokamuliwa vizuri sumu hubaki, na mkate haukauki.

Muulizaji: Kifumbu! Hapo darasa zima litaelewa. Muhogo mtamu unafaa kwa maonyesho?

Jibu 3: Unafaa, na ni salama zaidi. Kamua kwa kitambaa kizito.