Mjadala: Mwanafunzi wa DSLR aanzie kwenye M, au tunamtesa bure?

Mleta uzi
Wakuu habari za jioni. Hili naomba tulimalize leo maana limekuwa ugomvi kila mafundi picha tukikutana. Jumamosi nilikuwa kijiweni na jamaa mmoja anayefundisha vijana, akasema mwanafunzi wake akishika kamera hatoki kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe) miezi mitatu, akimkuta kahamia Av (kamera inakusaidia kupanga) anamnyang'anya. Akaongezea anayepiga harusi kwa Av sio fundi, ni mtu mwenye kamera tu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa sababu bili ya chai alikuwa analipa yeye, ila leo naongea.

Ninavyoona, kitu cha kwanza cha kujifunza kwenye DSLR (hizi kamera za kubadilisha lenzi) sio kuzungusha namba, ni kujua kamera inadanganyika wapi. Kile kipimo cha mwanga mle ndani hakijui bibi harusi ni nani wala shela ni nini. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu na kudhani vyote kwa wastani ni kijivu cha kati, ile asilimia 18 tunayoimbiwa kila siku. Ukijaza fremu na shela jeupe kinaona mwanga umezidi, kinapunguza, shela linatoka kama limefuliwa pamoja na soksi. Ukimgeukia bwana harusi na suti yake nyeusi kinaona giza, kinaongeza, suti ya dukani inageuka ya mtumba iliyopauka.

Sasa kijana umemweka M. Anafanya nini? Anatazama ule mshale wa kipimo cha mwanga chini, anazungusha mpaka ukae kwenye sifuri, anapiga. Jamani hiyo ndo ile ile picha ambayo Av ingempa, shela la kijivu vile vile, tofauti yake Av ingemaliza kabla hajapepesa macho na yeye kachukua sekunde kumi na bibi harusi kashapita. Mkono umezungusha lakini aliyeamua ni kamera.

Ndo maana mimi naanza na Av (wenye Nikon ni A), unachagua tundu la lenzi (zile namba za f/), shata, yaani muda wa kupokea mwanga, inajipanga yenyewe, halafu siku ya kwanza hiyo hiyo nakuonyesha kitufe cha +/-. Shela, ongeza 1. Suti nyeusi, punguza 1. Mtu amesimama dirishani mwanga uko nyuma yake, ongeza hata 2 na dirisha liungue (liwe jeupe kupita kiasi). Hapo kijana anaanza kuamua.

Na nisijifanye sijawahi kuumia. Mwaka wangu wa pili nilipiga harusi nikiwa M kwa sifa tu. Kanisani ndani ISO (kamera ihisi mwanga kiasi gani) 3200, f/4, shata 1/60, safi kabisa. Maharusi wakatoka mlangoni, watu wanarusha maua, jua la saa nane, na mimi nafyatua kwa furaha bila kugusa kitu. Mnaojua hesabu piga wenyewe, hapo ni karibu stopu kumi zimezidi (kila stopu mwanga unazidi mara mbili). Picha 23 nyeupe pee, kama nimepiga karatasi. Ningekuwa Av shata ingejikimbiza mpaka mwisho wake 1/4000, bado zingeungua, ila ile namba ingepepesa pale ndani ya kitundu cha kuchungulia na ningeshtuka. Mama wa bibi harusi mpaka leo akiniona ananiuliza "yale maua yako wapi".

Karibuni, ila tusitukanane.

Mdau wa Mwanza
Mkuu nimekusoma hadi mwisho na sikubali. Hiyo stori yako ya kanisani inakuhukumu wewe, hujaangalia kamera, M haina kosa. Mzee wangu alikuwa na studio hapa miaka ya tisini, kamera ya filamu, hakuna skrini ya kuchungulia, roli moja picha 36 na kila moja ni hela, alikuwa anatazama jua anaweka namba kichwani na picha zinatoka. Hao vijana wa Av ukiwauliza kwanini uliweka f/5.6 wanakujibu "kamera iliweka". Mtu akizoea lifti hapandi tena ngazi. Mimi wanangu ni M tu na wiki ya pili wanajua ukifungua tundu kutoka f/5.6 kwenda f/4 lazima shata ipande mara mbili, 1/125 kwenda 1/250. Wameshika kichwani, haitoki.

Mleta uzi
Kwanza kwenye Av f/5.6 anaichagua mwenyewe, kamera inachagua shata, kwahiyo huyo wa "kamera iliweka" alikuwa kwenye P au kwenye oto ya kijani, ambako kamera inapanga vyote, usituchanganyie. Na yeye akitoka f/5.6 kwenda f/4 anaiona shata inapanda mara mbili mbele ya macho yake, hesabu ile ile.

Pili mzee wako namheshimu sana, ila tuhesabu alikuwa na vitu vingapi vya kubadilisha. Filamu ikishaingia ASA (ndo ISO ya filamu) ni moja mpaka picha 36 ziishe. Studio taa zile zile, kiti kile kile, pazia lile lile lenye maporomoko ya maji. Nje alikuwa na ile karatasi ya kwenye boksi la filamu, ina vichoro vya jua na wingu na kivuli, kila kimoja na namba yake. Leo kijana ana ISO inayobadilika kila picha, ukumbi una taa za zambarau, na kamera yake ya kuanzia ina gurudumu moja tu! Kwenye Canon hizi ndogo ukiwa M, gurudumu ni la shata, ukitaka tundu unabana kile kitufe cha Av kwa dole gumba huku unazungusha kwa kidole cha mbele, jicho liko kwenye kitundu, na MC anasema "keki hiyoo inakatwa". Mwache kijana apumue.

Na hata enzi za filamu sio wote walikuwa M, Canon AE-1 ya 1976 ulikuwa unachagua shata yenyewe inapanga tundu.

Mdau wa Mwanza
Studio yetu haikuwa na maporomoko, ilikuwa na ndege ya shirika 😂. Ila hujajibu la uvivu, lile la lifti na ngazi.

Dada wa Mombasa
Mie nawasoma tu naona wanaume mmesahau flashi. Kazi zangu nyingi ni usiku wa kupamba, wanawake watupu, hamuingii huko hata mkitaka. Taa za ukumbi hafifu, bibi harusi kavaa dhahabu na nguo ya vitu vya kung'aa mwili mzima, na sina nafasi ya kumwambia rudi ukae tena. Sasa ukiwa Av na flashi juu ya Canon, kamera yadhani wataka na mwanga wa ukumbi uonekane, inashusha shata mpaka 1/8. Flashi inampiga bibi harusi vizuri lakini akigeuza kichwa anavuta mkia wa mwanga nyuma yake kama jini. Yalinipata mwaka wangu wa kwanza na nikalia chooni, kusema kweli. Tangu hapo mie M, 1/125, f/5.6, ISO 800, flashi naelekeza darini kama dari ni jeupe, basi. Yeye akisogea mbele au nyuma flashi inajipima yenyewe. Kwahiyo ukimfundisha mtoto Av peke yake ukampeleka ukumbini, umempeleka kwenye aibu.

Mleta uzi
Hapa dada umenipiga na sina jibu zuri. Kwenye menyu za Canon kuna sehemu ya kuifungia Av isishuke chini ya 1/60 ukiwa na flashi, au uikaze kwenye 1/200 moja kwa moja, lakini ukifika huko si bora uende M tu. Nakubali, flashi ukumbini ni M, na nafuta nilichosema cha "sifa tu".

Ila nikuulize, flashi yako ipo kwenye nini? ETTL (inajipimia mwanga yenyewe)?

Dada wa Mombasa
ETTL, na naipandisha +1 kwa sababu ya yale madhahabu, bila hivyo yanairudishia flashi mwanga inajizima mapema na uso unabaki giza.

Mleta uzi
Basi umejibu. Upande mmoja uko M lakini flashi bado inajipimia, na wewe unaisahihisha kwa +1 kwa sababu unajua dhahabu inaidanganya. Hiyo +1 ndo ninayosema afundishwe siku ya kwanza.

Mdau wa Arusha
Tusizunguke. Hizi kamera zilitengenezewa wazungu, ndo maana sura zetu zinatoka nyeusi tii. Haijalishi M wala Av.

Mleta uzi
Hapana mkuu, hapo unachanganya mambo mawili. Ile habari ni ya filamu za rangi na maabara za kusafisha. Kodak walikuwa na kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley, ngozi yake ndo ikawa kipimo kwa miaka mingi, na ni kweli watu weusi tuliumizwa. Lakini kipimo cha mwanga cha DSLR kinapima mng'ao. Angesimama mzungu mbele ya ukuta mweupe wenye jua naye angetoka kivuli. Wetu anatoka giza zaidi kwa sababu uso wake na ule ukuta viko mbali zaidi, kamera inautetea ukuta. Halafu kuna kinyume chake ambacho watu hawasemi, ukijaza fremu na uso mweusi kamera inaongeza mwanga mpaka ngozi inapauka kama imepakwa unga, unapunguza kama theluthi mbili ya stopu ngozi inarudi na utamu wake.

Mpiga video, Dodoma
Nyie wa picha mnabishana starehe. Video ni M na hakuna mjadala, fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ukiiachia kamera picha inapumua, mara nyeupe mara giza. Na taa za LED za bei rahisi, umeme wetu ni hezi 50 kwahiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ukipiga hata picha ya kawaida kwa 1/500 unapata mistari myeusi imekata watu vichwa. Shuka 1/100 au 1/50 mistari inapotea. Zile taa za jukwaani zinazofifishwa zina wazimu wake, hapo usinitafute. Sasa huyo kijana wa Av f/2.8 karibu na taa, kamera ikimpa 1/640, ataijulia wapi?

Mleta uzi
Atahamia Tv (unachagua shata, kamera inapanga tundu) aweke 1/100. Video sibishi, ni M.

Mgeni, ndo nimenunua
Wakuu shikamoni. Nina Canon niliyonunua mkononi kwa mtu, lenzi ile iliyokuja nayo 18-55, siku nne sasa. Nimefuata M kama wanavyosema mtandaoni, picha za ndani zote zimetikisika, nimeanza kufikiri nimeuziwa mbovu. Nimewasoma wote hapa nimezidi kuchanganyikiwa, nianzie wapi?

Mdau wa Mwanza
Shata yako ilikuwa ngapi?

Mgeni, ndo nimenunua
1/20.

Mdau wa Mwanza
Kamera nzima, wewe ndo mbovu 😂 Ukiwa mwisho wa lenzi, 55, zidisha kwa 1.6 kwa sababu kihisi cha hiyo kamera ni kidogo, unapata 88, kwahiyo usishuke chini ya 1/90 na watu wakicheza weka hata 1/250. Pandisha ISO mpaka 1600, chengachenga kidogo hazijaua mtu.

Mleta uzi
Sikiliza na hili, ni la nusu saa. Weka Av, f/5.6, kaa nje kivulini. Tandika shuka jeupe, lijaze fremu nzima, piga ikiwa 0, halafu +1, halafu +2. Chukua kitu cheusi, koti au gunia la mkaa, piga 0, halafu -1, halafu -2. Usitazame skrini kwa macho tu maana juani inadanganya, bonyeza Info mpaka ile grafu ya mwanga itokee, uone mlima umeegemea upande gani. Kama fokasi inagoma kushika, lenga kwenye pindo.

Mgeni, ndo nimenunua
Nimerudi. Aisee. Shuka kwenye 0 limetoka kijivu kweli, nilidhani mnatania. +1 safi, +2 lilianza kupepesa meusi kwenye skrini. Koti kwenye 0 limepauka hadi mavumbi yanaonekana, -1 limekuwa jeusi, -2 mifuko imepotea. Sasa nimemwita kaka, mweusi kama mimi, kavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Nikiweka + kanzu inaungua, nikiweka - uso unapotea. Yeye ni ngapi?

Mdau wa Mwanza
Karibu M kijana. Msogelee, ujaze fremu na uso wake, tafuta namba mpaka ngozi ikae sawa, rudi nyuma bila kugusa kitu. Akivua kanzu akavaa suti namba ni zile zile, mwanga haujabadilika.

Mleta uzi
Na upige RAW (faili ghafi la kamera), pindo la kanzu likizidi kidogo utalirudisha kwenye kompyuta. Kwa hili la M na kanzu yuko sawa. Ila mkuu, huyu katumia siku nne kwenye M akapata mitikisiko, katumia nusu saa kwenye Av kaja na swali la kanzu.

Mdau wa Mwanza
Kaja na swali, jibu kalikuta M. Miezi mitatu naipunguza iwe miwili. Chini ya hapo sishuki.