Fundi bustani kamwaga kilo 25 za UREA kwenye ukoka wangu, leo anadai hela iliyobaki

Wakuu, salaam. Nimejizuia siku tisa nisiandike na hasira, lakini asubuhi hii huyu bwana kanipigia simu. Nimeshindwa.

Nakaa Iyumbu. Mlioko Dodoma mnajua kutunza kitu kibichi kwenye huu mji ni shughuli. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 570, na karibu yote inashuka kati ya Desemba na Aprili. Dar wanapata zaidi ya 1,000 na bado wanalalamika. Ukoka wangu, mita 12 kwa 10 mbele ya nyumba, nimeulea miaka miwili kwa maji ya tanki na ya kusuuzia nguo, maana kwetu bomba linatoa siku mbili kwa wiki. Oktoba hii ukaanza kupauka. Ningeuacha ungengoja mvua zake. Kiherehere kikanituma kutafuta fundi.

Akaja kijana na simu imejaa picha za bustani za Masaki. Akachutama, akang'oa unyasi mmoja, akaugeuzageuza. "Boss, hizi nyasi zina njaa. Tuzipe UREA." Mbolea 45,000, kazi 30,000. Nikamuuliza mbona tusinunue kidogo, akasema dukani hawapimi, ni mfuko tu. Nikampa hela ya mbolea na nusu ya kazi, nikaenda zangu kazini Mtumba. Hapo kosa ni langu, nalijua, msinikumbushe.

Narudi jioni, ukoka mweupe kama mtu kaanika mchele. Mfuko wote! Kamwaga saa saba mchana, jua la utosi, udongo mkavu, halafu kapitisha mpira wa maji juujuu "mbolea iloane". Tangu getini kunanuka choo cha stendi. Ile harufu, wakuu, ndiyo nitrojeni niliyoilipia inapaa hewani.

Kesho yake nikamwita bwana shamba mmoja mstaafu wa mtaani kwetu. Mzee alishika kiuno, akanyamaza kwanza. Kisha akanipigia hesabu: UREA ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo nyasi za nyumbani zinataka kama gramu 10 za UREA kwa mita ya mraba, tena uwe na maji ya kuishusha ardhini saa hiyohiyo. Mita zangu 120 zilihitaji kilo 1.2. Huyu kaweka zaidi ya gramu 200 kila mita, mara 20! Na mbolea ni kama chumvi, ikizidi inanyonya maji kwenye mizizi badala ya kulisha. Siku ya tatu ukoka ukawa njano, ya sita kahawia, sasa hivi ukiukanyaga unasagika kama majani ya chai.

Subirini, kuna la mbuzi. Mfuko mtupu aliutupa nje ya uzio. Jirani yangu, mzee wa Kigogo mwenye mbuzi kumi na kitu, akabisha hodi: "Mwanangu, hiki mbuzi wangu wanachotaka kulamba ni kitu gani?" Nilitoka mbio bila viatu. UREA inaua mbuzi, jamani. Leo ningekuwa nalipa na mifugo ya watu.

Nikaenda dukani. "Dada, mtu wa bustani ya nyumbani unamuuzia mfuko bila hata kumuuliza eneo?" Akanijibu, "Kaka, hakutaja bustani. Kaomba mfuko, nikampa mfuko." Na pembeni yake mizani imekaa, kopo ndani ya gunia, UREA ya kupima inauzwa kilo kilo! Sasa kwa nini fundi aliniambia hawapimi? Nina dhana yangu, nanyi mnaweza kuwa na yenu.

Yule bwana shamba alinishauri nifagie chembe zote ambazo hazijayeyuka, kisha niloweshe kisawasawa chumvi ishuke chini kupita mizizi. Kulowesha kwa maji yapi? Nimeita maboza mawili, na hela yake imepita ya mbolea na ya fundi ukijumlisha. Anasema ukoka una vishina vya chini ya ardhi, hivyo vikiwa hai utachipua mvua zikianza. Jana nimechimbua kwa kisu karibu na ngazi, nikakuta kimoja cheupe, bado kina maji. Kimoja tu, na nimechimbua sehemu sita.

Basi leo saa mbili asubuhi simu inaita. "Boss, ile 15,000 yangu vipi? Na nyasi zinaendeleaje?"

Nimemwambia aje aifuate mwenyewe hapa nyumbani, saa saba mchana. Sasa ni saa kumi na moja, sijamwona.