Mliobomoa ukingo wa mfereji wa mzee: njia imefungwa, furahini sasa

Wakuu, habari za jioni. Nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Nimeshindwa, kwa hiyo naandika nazo.

Ile njia yetu ya baiskeli ya kwa mzee, huku miteremko ya Meru, imefungwa tangu Jumatatu. Mdomoni kumewekwa miiba, na nyuma ya miiba mzee keshachomeka masale, ule mmea wa kuwekea mpaka. Mtu wa kaskazini hahitaji kuelezwa masale yakipandwa yanasema nini.

Kwa msiojua ilivyoanza: hatukuwa na karatasi yoyote. Tulikwenda watu wanne, tukamwamkia mzee, tukakaa barazani kwake toka asubuhi mpaka jua la utosi tukiomba kupita pembeni ya kahawa yake. Akatuuliza jambo moja tu, mfereji wangu mtaufanyaje? Tukaahidi hatutaugusa. Tukaweka daraja la mbao juu yake, na sharti likawa kwamba ukifika pale unashuka, unakokota baiskeli, unavuka. Sharti lenyewe lilikuwa hilo moja. Moja!

Miezi saba ya Jumamosi tumechonga pale kwa jembe, sururu na reki. Udongo wa huku ni wa majivu ya volkano: kiangazi vumbi tupu, masika utelezi, na maji yakipata upenyo yanachimba korongo hujakaa sawa. Ndiyo maana njia haishuki moja kwa moja. Inakata mteremko kwa ubavu, imeinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke yaende zake, na kila baada ya mwendo fulani inapanda kidogo kabla ya kushuka tena. Yale mabonde mnayolalamika kwamba yanawapunguzia kasi hatukuyaweka kuwaudhi. Ni ya maji.

Masika tuliwaomba mvua ikinyesha mpumzike siku mbili udongo ukauke. Mkapita. Tairi zikaacha mitaro, kila aliyekuja nyuma akakwepa tope akapita pembeni, njia ya baiskeli moja ikawa pana kama ya trekta. Tukafukia, tulikuwa sita. Siku ya kupanda mabingobingo kwenye kona tulikuwa watatu pamoja na bibi, mke wa mzee, ambaye alitushinda kasi sote halafu akatulisha loshoro. Nyie mlikuwa wapi? Mlikuwa mnauliza kwenye grupu kama njia imeshakauka.

Sasa Jumapili. Kuna waliofika darajani wakaona kushuka ni kupoteza muda, wakakata kushoto wakauruka ukingo wa mfereji. Si mtu mmoja, alama za tairi nimezihesabu mwenyewe, hazipungui tano. Ukingo ule ni udongo na nyasi. Ukabomoka, wakaendelea na safari yao.

Jumapili usiku ndiyo zamu ya maji ya mzee. Mara moja kwa wiki, wakuu. Akafungulia saa mbili, maji yakafika pale yakakuta mlango, yakaingia kwenye njia yakashuka nayo hadi kwa jirani. Kulipokucha nyanya kavu, kitalu cha kahawa kikavu, na njia imechimbika mpaka magotini. Zamu nyingine ni wiki ijayo, na hii si bili kwamba utalipa wakufungulie.

Mzee alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Hakufoka. Alisema, "Mwanangu, njoo uone." Afadhali angefoka.

Kilichonimaliza ni majibu ya kwenye grupu. Mmoja kaandika kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, hivyo mzee hana uwezo wa kumzuia mtu. Mkuu, umesoma nusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaitambua haki ya kimila ya mwenye shamba hata kama hana hati mkononi. Kama hoja yako unaiamini, nielekeze kwako nije nipitishe baiskeli sebuleni.

Mwingine anasema tuchange tumpelekee kitu kidogo yaishe. Una baiskeli ya mamilioni, jembe hujawahi kulishika, halafu unataka kumnunua mtu aliyekupa njia bure.

Jumamosi saa moja asubuhi tunakwenda kuujenga ule ukingo, safari hii kwa mawe. Waliopita pale waje wamwamkie mzee wenyewe, mimi siwaombei msamaha tena. Na zile rekodi zenu za Jumapili mlizorusha Strava, ile app ya kurekodi safari, mzifute leo, kabla wageni hawajafuata alama hiyohiyo hadi kwenye mfereji. Habari ya kufunguliwa njia sitaigusa siku hiyo na asiiguse mtu. Njooni na jembe, maji ya kunywa na nguo za tope. Baiskeli ziacheni nyumbani, atakayekuja nayo atarudi nayo.