Mgeni wetu anajitolea kituo cha yatima, na mmoja wa hao "yatima" mama yake namjua. Nimwambie?

Mama Pasua (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Naombeni ushauri, na wale wa matusi leo mnipite tu.

Nipo Moshi. Huu ni mwaka wa tatu napokea wanafunzi wa nje wanaokuja kujitolea wakati wa likizo yao, Juni hadi Agosti. Safari hii nina binti wa Kimarekani, miaka 20, mwaka wa pili chuo. Nitamwita Anna, si jina lake.

Nimemzoea kama wa kumzaa. Wiki ya kwanza kijiko kikimdondoka tukamwambia pole, anauliza, "Mbona mnaomba msamaha, kwani ninyi ndio mmenisukuma?" Alikuja na nguo za jua tupu. Hakuna aliyemwambia kwamba mwezi wa saba Moshi mlima unajifunika siku kadhaa na sisi tunatembea na masweta, kwa hiyo anazunguka na koti la mume wangu, mikono imekunjwa mara tatu. Kufuliwa alikataa katakata. Alichuchumaa kwenye beseni na jinzi moja dakika arobaini, akanyanyuka vifundo vya vidole vimechubuka na jinzi bado ina povu. Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyemfundisha kusugua nguo kwa nguo. Mtori anaumaliza, kiburu (zile ndizi na maharage) kimemshinda.

Kila siku saa mbili asubuhi bodaboda inamchukua kwenda kituoni. Anafundisha herufi na nyimbo, saa nne anagawa uji, baada ya hapo watoto wanavamia nywele zake wanamsuka. Jioni anarudi na mistari mitatu iliyonyooka na mingine imepotea njia, hataki kufumua mpaka Jumapili.

Sasa shida yenyewe. Juni kituo kilikuwa na watoto arobaini na kitu. Shule zilipofunguliwa Julai wakabaki 14. Alipouliza akaambiwa wengine wamechukuliwa na ndugu zao. Juzi usiku umeme umekatika, tumekaa sebuleni ananionyesha picha kwenye simu. Akafika kwa mtoto mmoja mwenye kovu la moto juu ya jicho la kushoto. Akaniambia, "Mama, huyu alifiwa na wazazi wote wawili."

Wadau, huyo mtoto mama yake ananiuzia ndizi Mbuyuni kila Jumamosi. Kovu lile lilipatikana nikiwa namfahamu, alijivutia sufuria ya uji. Na Jumamosi iliyopita mtoto huyohuyo alinibebea chane ya ndizi hadi kwenye bajaji, nikampa mia tano.

Nilinyamaza. Nikasema tu, "mtoto mzuri."

Kumbe Anna ameshawaandikia watu wa kanisani kwao wachange wajenge bweni. Zimefika dola 3,000. Mwenye kituo tupo naye jumuiya moja. Halafu niseme ukweli wote nisije nikaonekana malaika: mratibu anayeniletea wageni ndiye huyohuyo anayewapeleka kituoni. Mimi napata 25,000 kwa siku, na hiyo ndiyo inamlipia ada kijana wangu wa kidato cha tatu.

Nimwambie au nimwache amalize wiki zake tatu aende zake?

Mangi wa Himo

Mama, kula uji unyamaze. Hizo dola 3,000 wamechanga Wamarekani, hazijatoka mfukoni mwako. Mtoto anapata uji, mzungu anapata picha, wewe unapata ada, mwenye kituo anapata tofali. Hapo nani analia?

Ustawi Mstaafu

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, naomba niende taratibu.

Kwanza, mtoto kuwa na mama haimaanishi moja kwa moja kwamba kituo ni cha kitapeli. Watoto wengi walioko kwenye makao, hapa kwetu na kwingineko, wana mzazi mmoja au wote wawili. Kinachowapeleka pale ni umaskini. Pili, kuna vitu viwili watu huvichanganya: makao ambako mtoto analala, na kituo cha kulelea watoto mchana. Kila kimoja kina usajili wake. Makao yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009, na kila mtoto awe na jalada lake linaloonyesha ametoka wapi, nani alimpokea na kwa nini.

Kwa hiyo mama, swali langu: hao watoto wanalala pale?

Mama Pasua

Anna anasema hajawahi kukaa hadi usiku. Anaondoka saa tisa na nusu. Vitanda viko sita.

Ustawi Mstaafu

Watoto arobaini vitanda sita. Na sasa wanataka bweni. Nimekuelewa.

Dereva Noah

Nimebeba wanafunzi hawa miaka minane, uwanja wa ndege wa KIA, Moshi, Arusha. Ngoja niwaambie kitu ambacho wengi hamkioni. Wao likizo yao ni Juni, na Juni shule zetu za msingi nazo zinafungwa. Mzungu amelipa kuja kufundisha, anakuta geti la shule lina kufuli. Mratibu atamrudishia pesa? Thubutu. Anampeleka kituoni, na kituoni watoto wamejaa kwa sababu mtaa mzima hauna pa kwenda asubuhi. Julai shule zikifunguliwa ndipo unaona wamebaki wale wadogo wadogo. Huyo binti alijiona anafundisha yatima, kumbe anafundisha likizo.

Kuna mmoja nilimrudisha uwanjani 2019, alilia kuanzia Boma hadi geti la KIA. Si kwa kuibiwa. Alilia kwa sababu mtoto aliyekuwa anamwita mama kwa miezi miwili, siku ya mwisho alimwona anamwita hivyohivyo mgeni mpya aliyeshuka asubuhi ileile.

Mangi wa Himo

Dereva umeniharibia chai.

Binti Kilifi

Hamjambo huko. Mimi niko Kenya, pwani. Haya mambo kwetu yalikuwa mengi sana, hasa kandokando ya mahoteli, mpaka serikali ikasimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017. Australia nao, sheria yao ya utumwa mamboleo ya 2018 ilipojadiliwa, waliyataja wazi haya ya kukusanya watoto kwenye vituo ili wageni watoe pesa. Si jambo dogo dada yangu. Yule anayesema nani analia, amwulize yule mtoto wa ndizi. Amefundishwa kusema mamake amekufa ilhali anamwona kila jioni akirudi na karai. Mtoto wa miaka saba anabebeshwa maneno kama hayo.

Mwambie msichana wenu. Lakini usimwambie mbele ya watu.

Mama Wawili Njiro

Na mimi napokea wageni, Arusha. Ushauri wangu: usiseme kitu. Jumamosi nenda naye sokoni, mpitishe kwenye hizo ndizi. Ataona mwenyewe kwa macho yake, na wewe hujamsema mtu. Wachaga wa jumuiya hawatakuwa na la kukushika.

Mama Pasua

Dada yangu wa Njiro, hilo nililifikiria usiku kucha. Lakini yule mama wa ndizi amenikosea nini hadi nimvizie kwenye meza yake mbele ya wateja? Mtoto atakuwa pale, Anna atamkumbatia, mama atainama kwenye mikungu asijue aangalie wapi. Siwezi.

Mama Wawili Njiro

Hapo umenena. Nafuta.

Ustawi Mstaafu

Anza na huyo mama, peke yake. Msikilize kwanza kabla hujamwambia unalojua. Ukitoka kwake, mwambie mgeni wako. Kuhusu ofisi, aende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aulize kama kituo kina usajili na ni wa aina gani. Ni swali halali kwa mtu anayetaka kutoa pesa. Kama mnaona mtoto yuko hatarini, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bure.

Ila kabla hajakanyaga ofisi yoyote ya serikali, mwulize ameingia nchini kwa kibali gani. Wanaojitolea wanatakiwa wawe na kibali cha kujitolea, kile cha ukaazi ni daraja C. Waratibu wengi huwaambia waingie na viza ya utalii, "ni wiki chache tu." Asije akaenda kuuliza ya watoto akaulizwa ya kwake.

Kijana wa Chuo

Samahani nachomeka. Nami nilijitolea likizo iliyopita, zahanati ya kijijini kwetu, Mtanzania kabisa, na hakuna aliyenipiga picha wala kuniita shujaa. Nilipanga mafaili wiki sita. Wiki ya kwanza nesi alinipa kazi ya kuita majina tu, nikakosea majina ya wazee watatu. Ninachotaka kusema, huyo Anna asije akahisi ni mjinga. Kituoni alipewa kazi ambayo hata mwalimu wa cheti angetetemeka, watoto arobaini peke yake. Mpeni kazi yenye mtu wa kumsimamia.

Mama Pasua (marejesho)

Wadau nimerudi. Imepita wiki.

Nilienda kwa mama wa ndizi jioni anafunga meza. Sikumuuliza chochote, nilikaa tu kwenye kreti nikamsaidia kupanga. Akaanza mwenyewe. "Najua kwako kuna mzungu wa kituoni." Akasema alianza kumpeleka mtoto kwa ajili ya uji na daftari. Shule ya serikali haina ada tangu 2016, sawa, lakini sare, viatu, mchango wa chakula, vyote ni vyake, na yeye ana watatu. Akaambiwa wageni wakija aseme yeye ni mama mdogo. Nilimuuliza mtoto anasemaje. Akasema, "Mara ya kwanza alikataa. Akaniuliza, mama, nikisema umekufa hutakufa kweli?" Akafunga turubai akaondoka.

Anna nilimwambia Jumapili mchana tukifua. Nilichagua kufua kwa sababu mikono ina kazi na mtu halazimiki kukuangalia usoni. Kiswahili changu na Kiingereza changu vikasaidiana. Alisikiliza, akaendelea kusuuza shati lilelile mpaka maji yakawa meupe. Nilitegemea atalia. Akauliza kitu kimoja tu:

"Mama, wewe umejua tangu lini?"

Nikamwambia tangu usiku ule wa picha. Akasema sawa. Siku mbili alikuwa anasalimia, anakula, anaingia chumbani. Siku ya tatu akaja jikoni akachukua kisu akaanza kumenya ndizi bila kuambiwa, vibaya, anatupa nusu ya ndizi na ganda. Nikajua yamepita, au yamepungua.

Viza ni ya utalii, kama alivyosema mzee wa ustawi. Ameacha kwenda kituoni, amewaandikia kanisani kwao wasitume tena na zile zilizopo wazishikilie. Mratibu amenipigia simu mara nne. Ya tano alituma ujumbe kwamba mwakani atatafuta familia nyingine. Kijana wangu nimemwambia muhula ujao tutauza mbuzi.

Mangi wa Himo

Mama, ule ushauri wangu wa kwanza naomba uufute. Mbuzi unauza bei gani?

Binti Kilifi

Mungu akubariki. Na ofisini mnaenda au mmeacha?

Mama Pasua

Nimeamua kwenda mimi, kama mzazi wa mtaa huu. Sitamtanguliza mgeni wa watu. Mama wa ndizi amesema atakuja, halafu akasema haji, halafu jioni hii amemtuma mtoto kuniuliza tunaondoka saa ngapi. Nimemwambia saa tatu, na avae sweta.