Tupeane uzoefu: karatasi za kupatia pencheni ya wazee na misaada mingine

Bint Wete
Asalaam alaykum jamani. Bibi yangu mzaa mama yuko Wete, vitukuu anavyo, na mpaka leo hajaingia kwenye Pencheni Jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee wa miaka sabini na kuendelea. Miaka sabini kaipita zamani, lakini kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kinasema kazaliwa 1961. Mjomba wetu, mtoto wake wa kwanza wa kumzaa, ana cheti cha 1963! Nikiwaonyesha vyote viwili najibiwa "sisi tunafuata kitambulisho". Waliopitia haya naomba mnieleze mlifanyaje. Elfu hamsini kwa mwezi kwake ndiyo dawa ya presha na unga.

Mchuma Karafuu
Yale yale ya mama yangu. Walipokuja kuandikisha aliulizwa umri, akasema "andika tu mwanangu". Kijana naye akaandika tu.

Mwana wa Makunduchi
Bint Wete, usiendelee kugombana na watu wa pencheni, wao wanasoma kilichoandikwa. Pencheni ilipoanza Aprili 2016, wakati huo kwa elfu ishirini, wenzake baba yangu barazani wanapokea, yeye anawatazama. Tulianzia kwa sheha, kiongozi wa shehia yetu. Sheha akawaita wazee wawili wa rika lake, wakakaa pale nje kwake kwenye mkeka. Mmoja akasema: "Vita vya Ng'ombe vya Kiembesamaki vilipotokea huyu keshatiwa jandoni, na mimi nilikuwa naye kumbini." Vita vile, vya wakulima na serikali ya kikoloni, ni 1951, hesabu mwenyewe. Sheha akaandika barua, wazee wakatia dole gumba, tukaenda kula kiapo, ndipo tukapeleka vyote kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kilichukua muda, lakini kitambulisho kilipotoka kipya pencheni haikuwa tena na neno.

Kijana wa Ng'ambo
Mbona mzunguko mrefu hivyo? Hati ya kiapo peke yake inatosha. Mimi nilibadilisha kwa siku moja.

Mwana wa Makunduchi
Ulibadilisha nini, umri au jina?

Kijana wa Ng'ambo
Jina. Mwanahamis wa mama likaongezwa k, lifanane na cheti changu.

Mwana wa Makunduchi
Basi usimpoteze mwenzio. Kuongeza herufi moja na kumwongeza mtu miaka kumi na kitu ni mambo mawili. Kwa umri wanataka watu, tena watu wazima.

Mama Asha wa Mkoani
Kwenye msaada wa TASAF wa kaya masikini mimi hawakuniuliza mwaka niliozaliwa. Tulijadiliwa mkutanoni shehiani, kila mtu anamjua mwenziwe anakula nini. Pencheni ndiyo yenye karatasi.

Mjane wa Kojani
Nimesoma mpaka hapo mkono ukawa unatetemeka. Nyinyi mna watu wenu wako hai, mnabishania mwaka. Mimi niliambiwa nithibitishe kuwa mume wangu kafa.

Alikwenda dago, kambi ya uvuvi, upande wa Tanga na wenziwe watatu. Usiku bahari ikachafuka, chombo kikapinduka. Wawili waliokotwa na jahazi asubuhi wakiwa wameshikilia boya la nyavu. Yeye na kijana wa jirani hawajaonekana mpaka leo. Kulikuwa na mfuko wa kusaidia wajane wa wavuvi, nikaenda na watoto. Wanataka cheti cha kifo. Nikaenda kwenye cheti cha kifo, wanataka karatasi ya hospitali au ya maziko. Nikamuuliza yule kijana wa dirishani: baharini kuna daktari gani wa kuniandikia? Akainama, akaita "anayefuata".

Aliyenitoa hapo ni mwalimu wa madrasa, aliniambia niende kwa kadhi. Kadhi aliwaita wale wawili waliookoka. Mmoja alisema mume wangu aliivua fulana yake ya kijani akamfunga nayo yule kijana mkono uliovunjika, kisha wimbi likawachukua pamoja. Ile fulana nilikuwa nimeifua mwenyewe. Kadhi akaandika hukumu, na hukumu ndiyo iliyonipatia cheti. Mfuko ulikuwa umeshafunga kupokea majina. Lakini kwa cheti kile mirathi iligawiwa, na wanangu wakaandikwa mayatima skuli.

Mchuma Karafuu
Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Pole sana dada yangu.

Abu Salma
Allah amrehemu. Samahani, eda ulihesabiwa tangu siku ya ajali au siku ya hukumu?

Mama Asha wa Mkoani
Mwenzio anasimulia msiba, wewe unamuuliza eda! Huna haya?

Abu Salma
Bibie, nina dada yangu Tumbatu yuko katika hali hiyo hiyo, hajui kama ni mke wa mtu au mjane. Nimwulize nani kama si aliyepita njia hiyo?

Mjane wa Kojani
Mwacheni aulize. Mimi kadhi ndiye aliyenipangia, na kila kesi ina yake. Mpeleke dada yako akasikilizwe, na waliokuwa chombo kimoja na mumewe waende mapema, kabla hawajarudi dago. Usisubiri mfuko utangazwe ndipo uanze kutafuta karatasi.

Kijana wa Ng'ambo
Hapo nimejifunza. Na hati ya ndoa pia itafutwe, ndiyo ya kwanza kuulizwa.

Bint Wete
Dada wa Kojani, Mungu akulelee watoto. Mimi sasa nishike lipi, kiapo au wazee?

Mwana wa Makunduchi
Wazee kwanza, kiapo baadaye. Mjomba wako aende mwenyewe na cheti chake halisi, si fotokopi. Sheha akimwona na mvi zake atauona mwaka 1961 ulivyokosewa.

Mchuma Karafuu
Mpe sheha na pesa ya maji, mambo yaende.

Mama Asha wa Mkoani
Asimpe chochote! Barua ni haki ya bibi.

Bint Wete
Kuna mwenzake yuko Limbani, walikuwa wakichuma karafuu pamoja kabla ya Mapinduzi. Nampigia mjukuu wake leo.

Mwana wa Makunduchi
Muulize kwanza huyo mwenzake kama kitambulisho chake kina umri sahihi, maana shahidi naye hutazamwa chake.