Kopi-pesti siyo remiksi, mmenichosha na makala zangu!

Wakuu, salamu baadaye, leo nimevurugwa.

Nina blogu ya taarab ya zamani. Majuzi niliweka makala ndefu ya vikundi vya Black Star na Lucky Star vya Tanga, yale mambo yao ya gitaa la umeme na besi ndani ya taarab. Nimekaa na wazee, nimepiga picha santuri za mjomba wangu pale Ngamiani. Jana rafiki ananirushia video: makala yangu yote, neno kwa neno, inasomwa na sauti ya kompyuta. Hata "tazama picha hapo juu" imesomwa, na hapo juu kuna mawingu tu yanapita! Mbele kidogo inasema "mjomba wangu aliniruhusu nizishike." Mjomba wako yupi wewe? Picha nazo zimekatwa pale chini nilipoandika jina langu, ikapachikwa nembo yao.

Nikamfuata mwenye chaneli inbox. Jibu: "Mkuu, si umeposti mwenyewe? Mtandaoni ni mali ya wote, sisi tumefanya remiksi."

Remiksi!? Asinidanganye mtu. Singeli imetoka uswahilini Dar, vijana wakachukua vipande vya taarab, wakavizungusha, wakavikimbiza mpaka ukatoka muziki mwingine kabisa. Pale mtu katoa jasho. (Wale wenye taarab yao walilipwa na nani, huo ni uzi mwingine.) Huyu wangu kaongeza nini? Mawingu?

Na siyo kwamba sheria haipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakupa haki mara tu unapoiandika kazi, usajili siyo sharti, na inakulinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kunukuu kunaruhusiwa, ila utaje chanzo na jina la mwandishi. Jina tu, wakuu! Ningemshukuru.

Kilichonipandisha presha zaidi: nikairekodi makala kwa sauti yangu nikaipandisha kwenye mtandao uleule wa video. Ikazuiwa, eti inafanana na kazi ya mtu mwingine. Mashine haijui nani kaandika, inajua nani kawahi kupandisha. Nimekata rufaa, najibiwa na mashine nyingine.

Sasa kumbukeni 2018, zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wenye blogu tuliambiwa tukate leseni TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ada zote ukijumlisha zilikuwa zinapita shilingi milioni 2. Wengine walifunga blogu zao hapohapo. Yaani ilipofika kulipia, mwenye maandishi alijulikana vizuri kabisa, jina, anuani, kila kitu. Akiibiwa, kila mlango anaambiwa alete ushahidi kwamba ni yeye. Wakati mwizi ana chaneli isiyo na jina la mtu, matangazo yanapita, hela inaingia.

Swali langu kwa wenye uzoefu: kuna aliyewahi kuomba video ya namna hii iondolewe ikaondolewa kweli? Mlianzia COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, au mlienda moja kwa moja kwa wakili? Tarehe ya posti ya blogu inakubalika kama ushahidi?

Na tafadhali, asije mtu hapa kuniambia niweke watamaki, yaani jina langu, kubwa katikati ya picha. Hayo nimeshaambiwa.