Eti wateja wangu "hawajui kutafuta"! Yule mtaalamu wa SEO leo kanimaliza

Randa Butu (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana msinisahihishe. Leo siko vizuri.

Yule bwana wa SEO, hiyo kazi ya kufanya tovuti yako itokee juu mtu akitafuta Google, mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule mwenye kompyuta yenye stika nyingi kuliko daladala ya Mbagala, anayekuita "bosi wangu" mpaka siku ukishamlipa, baada ya hapo unakuwa "mzee". Kila mwenye kiduka mtandaoni mji huu kashapita mikononi mwake, na nusu yenu humu mmepita mkakaa kimya kwa aibu.

Kaja leo saa nane mchana karakana, Keko. Nilimuita mwenyewe. Miezi minne iliyopita nilimpa laki nne anichagulie maneno ya kuniweka Google, na tangu siku hiyo simu ya tovuti haijaita hata na mtu aliyekosea namba. Nikamuuliza kistaarabu kabisa, kijana wangu, tatizo nini? Akavua miwani, akaifuta kwa shati, na mbele ya mafundi wangu watatu, na mbele ya mama mmoja aliyekuja kukagua kabati lake, akaniambia:

"Mzee, maneno hayana shida. Wateja wako ndio hawajui kutafuta."

HAWAJUI KUTAFUTA. Mteja kasimama pale pale! Mama wa watu kashika mlango wa kabati, ananitazama mimi, anamtazama yeye, ananitazama mimi tena. Dogo wangu wa msasa kaacha kusugua.

Sasa niwaambie maneno yenyewe niliyochaguliwa kwa laki nne. "Samani za kifahari za kipekee kwa makazi ya kisasa." Hilo ndilo neno. Eti ni neno moja, ndivyo wanavyohesabu wao. Akaniletea na karatasi imepigwa laminesheni, imeandikwa NAMBA MOJA GOOGLE. Na kweli ukiliandika natoka wa kwanza! Nitaachaje kutoka wa kwanza wakati duniani hakuna kiumbe mwingine aliyewahi kuandika sentensi ile? Hata mimi mwenyewe nililinakili kwenye karatasi herufi moja moja, nikamaliza ugali umepoa. Nikianzisha dini yenye muumini mmoja pia nitakuwa askofu mkuu.

Miaka 11 nipo kwenye mbao. Sijawahi kukutana na binadamu mwenye shida ya kitanda akasema "samani". Mama watoto ndiye anayejibu WhatsApp ya kazini, akafungua simu pale pale akawa anamsomea kwa sauti: "Habari, kitanda 5 kwa 6 mninga sh ngapi." "Makochi ya L bei gani." "Mnafika Kigamboni?" "Dresingi tebo kama hii mnaweza," na picha chini. "Fenicha zenu ziko wapi," tena fenicha kwa e, kama lilivyo bango la jirani yangu. Kamsomea meseji kama ishirini. Samani hakuna. Kifahari hakuna. Makazi ya kisasa hakuna, watu wamepanga vyumba viwili Buza.

Unajua alijibu nini? Alitabasamu. Akasema "ndiyo hayo ninayosema, hawajui kutafuta". Mara ya pili! Mbele ya mama watoto!

Na bado. Dogo wa msasa, ambaye kasoma kidogo, akaishika kompyuta akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa wangu, pale kwenye sehemu nyeupe ambayo mimi siku zote nilidhani ni nafasi ya kupumzisha macho. Akakokota kipanya. Nyeupe ikageuka bluu, yakatokea maandishi. Samani bora samani bora dar samani bora tanzania samani samani nafuu samani bora. Mstari baada ya mstari mpaka mwisho wa ukurasa. Kumbe miezi minne tovuti yangu inanong'ona gizani kama mtu aliyepandisha mashetani.

Nikamuuliza hii nini? Akasema "hiyo ni mbinu".

Simalizi, nikimaliza nitatukana. Ila mama wa kabati alivyonitazama aliposikia wateja hawajui kutafuta, hiyo sura nitazikwa nayo.

Nimekaa Pale

Kiti cha mbele. Nani ana karanga?

Mama Vitenge

Mnamjua? NAMJUA! Mimi alinipa "mavazi ya asili ya Kiafrika". Nauza vitenge jamani, kitenge kinaitwa kitenge. Nikamfukuza nikaamua kujichagulia mwenyewe, nikaweka "mishono ya vitenge". Wakaja wengi kweli, nikachinja kuku. Kumbe wote wanataka picha! Wanapiga skrinshoti, wanampelekea fundi wao, wanaondoka zao. Mwezi mzima sijauza hata doti moja. Kuku nimekula bure.

Mchokozi Mstaafu

Mleta mada, laki nne hukuuliza hata swali moja? Ungenipa mimi elfu hamsini ningekutukana vizuri zaidi, na risiti nakupa.

Jicho la Kipanga

Mkuu Randa Butu pole, ila nikusaidie kabla uzi haujaharibika, maana najua mnavyokuwa.

Kwanza hayo maandishi meupe yafutwe LEO. Google wanayahesabu kama spamu, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo. Angalia pia kama kakujazia ile tagi ya maneno muhimu (meta keywords), inayokaa kwenye kodi ya ukurasa ambako mgeni haioni. Google walisema hadharani tangu Septemba 2009 kwamba hawaitazami kupanga matokeo. Kuna watu mpaka kesho wanaiuza kama dawa.

Pili, Mama Vitenge hapo juu kagusa penyewe bila kujua. Ukiwaza neno, waza mtu anayeliandika anataka nini saa hiyo. "Mishono ya" anataka kuona. "Jinsi ya kutengeneza" anataka kujifunza, huyo ni fundi mwenzako. "Bei ya" ameshashika pochi. Ukiandika "kitanda" peke yake hujui umemwita nani: anayenunua, anayeuza cha zamani, anayetafuta cha mtoto au cha hospitali, na hapo unapigana na matovuti makubwa ya matangazo yaliyokutangulia miaka mingi. "Bei ya kitanda 5 kwa 6 mninga Dar" wanaoliandika ni wachache, ila mmoja kati yao anakuja na kirikuu.

Tatu, hakuhitajika mtaalamu. Anza kuandika "kitanda 5 kwa" kwenye Google usibonyeze kitu, soma inayokumalizia yenyewe, hayo ni maneno ya watu. Kisha fungua Search Console, kifaa cha Google cha mwenye tovuti, ni bure, inakuonyesha mpaka miezi 16 nyuma watu waliandika nini ukatokea, ulionekana mara ngapi, wakabonyeza mara ngapi. Keyword Planner, kile cha Google cha kukadiria neno linatafutwa mara ngapi kwa mwezi, nayo unaingia bure, ila kama hutumii hela kwenye matangazo inakupa makadirio mapana, 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, usijenge nyumba juu yake. Na akikuonyesha Google Trends, ile grafu ya neno linavyopanda na kushuka, akasema "neno lako lina 100", mwambie hiyo 100 si watu. Ni kipimo tu, maana yake hapo ndipo lilipokuwa juu kuliko siku nyingine za kipindi alichochagua.

Lakini mgodi wako ni simu ya mama watoto. Zile meseji ishirini alizosoma ndizo kurasa zako. Kitanda ukurasa wake, makochi ya L ukurasa wake, bei iandikwe, na Kigamboni itajwe.

Randa Butu

Jicho la Kipanga ubarikiwe, nimeihifadhi hii. Sasa mbona yeye hakunifungulia hiyo Search Console? Nikimuuliza alikuwa ananitumia picha ya mshale unapanda juu. Mshale mtupu, hauna hata namba pembeni! Halafu anakuja kuniambia wateja hawajui kutafuta. Mama kashika mlango wa kabati, wakuu!

Mchokozi Mstaafu

Huo mlango wa kabati tumeuelewa sasa mkuu, uachie.

Tenda Bado

Mimi nitamtetea kidogo jamaa. "Samani" ipo. Fungua tangazo lolote la zabuni la serikali, imeandikwa "ununuzi wa samani za ofisi". Kama unataka meza 40 za halmashauri, neno lako ni hilo hilo. Kosa lake ni kumpa neno la afisa ununuzi mtu anayeuzia wapangaji wa Buza.

Nimekaa Pale

Na ukipata hiyo tenda ya halmashauri, malipo utayatafuta kwa neno gani?

Tenda Bado

Usinikumbushe. Mimi nadai tangu mwanangu wa mwisho yuko la tatu, sasa hivi ananyoa ndevu.

Mkulima wa Ngong Road

Salamu kutoka Nairobi wadau. Huku ukisema "samani" mtu anadhani unaomba msamaha. Sisi ni fanicha, na makochi tunaita viti. Mteja ataandika "viti za L" na hiyo ngeli imevunjika katikati, na Google haitaki mambo mingi, inaelewa tu. Nimeweka "viti za" kwa page yangu makusudi. Mwalimu wangu wa Kiswahili akiona atalia, lakini landlord amelipwa.

Bibi Mkosoaji

"Viti ZA"??? Viti VYA! Ndiyo maana lugha inakufa. Bora aandike samani za kifahari kuliko huu uchafu.

Mkulima wa Ngong Road

Bibi, lugha haijakufa, imekaa kwa kiti yangu.

Kiroboto wa Buza

Kwanza mleta mada atuombe radhi wapangaji wa Buza. Pili, umesema uko Keko? Keko sehemu gani? Kuna fundi wa huko nilimpa advansi ya kitanda, akaniambia njoo Jumamosi. Hakusema Jumamosi ya mwaka gani. Siku hizi nikienda anajificha nyuma ya mbao, naona viatu.

Mama Vitenge

Woooi, nyie mafundi! Mimi niliuziwa "mninga" pale pale. Mwaka haujaisha rangi imebanduka, chini paini mweupe kama meno ya matangazo.

Randa Butu

Jamani tusichanganye mada. Mimi nimeleta suala la maneno ya Google na matusi niliyotukanwa.

Mchokozi Mstaafu

Mada ni hii hii mkuu. Yeye kakuuzia samani ukitaka fanicha, nyie mnatuuzia paini tukitaka mninga. Nyote mnapaka rangi juu.

Kiroboto wa Buza

😂😂😂 Huyu mzee apewe maua yake.

Randa Butu

Mbao zangu ni kavu, natoa mwenyewe Iringa na stakabadhi ninazo. Anayebisha aje karakana aone.

Nimekaa Pale

Iringa ndiko kwenye paini mkuu.

Randa Butu

Paini nanunua Iringa, mninga nanunua KWINGINE, msinilishe maneno!

Dada wa Kinyerezi

Samahani wanajamvi, mimi huwa nasoma tu siandiki, ila leo imebidi. Mimi ndiye yule mama wa kabati.

Kaka, nilivyokutazama haikuhusu yule kijana, nilikuwa hata simsikilizi. Nilikuwa nimeshika ule mlango kwa sababu nikiuachia unafunguka wenyewe. Nimeushikilia dakika kumi na tano nasubiri mmalize ugomvi nikwambie. Baadaye nikaona umekasirika sana nikaondoka zangu.

Mchokozi Mstaafu

MLANGO WA KABATI UMERUDI. Mods msifunge huu uzi, nawapigia magoti.

Nimekaa Pale

Karanga zimeisha, nimeanza kula mfuko.

Randa Butu

Dada yangu, hilo kabati halijaisha, bawaba zile ni za kujaribia tu. Njoo Jumamosi.

Kiroboto wa Buza

NJOO JUMAMOSI!!! NI YEYE!! WAKUU NI YEYE!! Naja na viatu vyangu ulinganishe!

Bibi Mkosoaji

Bawaba za mlango mrefu wa kabati ziwe tatu, na ziwe za inchi tatu. Mume wangu alikuwa seremala miaka thelathini. Ukifunga mbili lazima mlango ushuke upande mmoja, hata uwe mninga wa kweli.

Mkulima wa Ngong Road

Mbili zinatosha bibi kama mlango ni nyepesi.

Bibi Mkosoaji

Mlango MWEPESI.

Mgeni Leo

Habari za jioni, mimi mgeni humu, kama nimekosea jukwaa mnielekeze. Kitanda 5 kwa 6 cha mkongo siku hizi sh ngapi na usafiri mpaka Kigamboni?

Randa Butu

Karibu sana, njoo PM. Bawaba usiwe na wasiwasi, kitanda hakina mlango.